Shajara ya mradi: Alteneta ya ampea 120 kwenye Hiace ya utalii, injini ya 5L

Gari ni Toyota Hiace ya dizeli, injini ya 5L, paa la kuinuka, linalopeleka wageni Tsavo kutoka Mombasa. Alteneta ya kiwandani (mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme na kuchaji betri) ni ya volti 12, ampea 70, na ina pampu ya vakyumu mgongoni. Malalamiko ni yale yale ya magari mengi ya kazi hii: friji inazima jioni mbugani, taa zinafifia kila AC (kiyoyozi) inaposhika, na betri haimalizi mwaka. Kila hatua inaandikwa inapokamilika. Bei ni shilingi za Kenya, za vifaa peke yake, bila ufundi.

8 Machi 2025: Kupima kabla ya kununua chochote

Mzigo ulipimwa kwa klampu mita inayosoma mkondo mnyoofu (DC), ule wa betri. Ile inayosoma mkondo geu peke yake haifai kazi hii. Taa kubwa ampea 10, taa ndogo na za ndani 5, feni za AC mbele na nyuma 22, klachi ya AC 4, feni ya kondensa 10, redio ya mawasiliano ikirusha 6, friji 5, inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ya kuchajia kamera na simu za wageni 28, wipa 5. Jumla ni ampea 95, na alteneta ni ya 70.

Hata hiyo 70 ni ya mwendo wa kasi tu. Namba iliyoandikwa kwenye alteneta hupatikana ikizunguka mara elfu sita hivi kwa dakika. Injini ikinguruma tu bila mguu kwenye mafuta, mizunguko 750, yetu ilitoa ampea 31. Na gari la utalii huishi hapo hapo: linatambaa, linasubiri, linatambaa tena, huku AC na friji zinakula.

Kipimo kilichotufaa zaidi ni cha volti zinazopotea njiani. Injini iliwekwa mizunguko 1,800, mzigo ukafika ampea 52. Waya mwekundu wa mita uliwekwa kwenye nati ya B+ ya alteneta (umeme unapotokea), mweusi kwenye kichwa chanya cha betri chenyewe, si kwenye klampu yake. Mita ikasoma 0.62. Kisha mwili wa alteneta hadi kichwa hasi cha betri: 0.48. Alteneta ilikuwa inatoa 14.2, betri inapokea 13.1. Volti 1.1 zote zinaishia njiani kama joto. Betri ya risasi na asidi ikilishwa 13.1 kila siku haijai kamwe, sahani zake zinafunikwa na salfati, na hapo ndipo ule mwaka usiotimia unapotoka.

Upande chanya tuliupima vipande viwili. Kutoka B+ hadi kisanduku cha fyuzi ilipotea 0.20. Kutoka kisanduku hadi betri, kupitia fyuzi kuu ya kiwandani, ilipotea 0.42, ingawa hapo zilipita ampea 28 tu, yaani za friji na inveta zilizoungwa moja kwa moja kwenye betri. Tuliiandika namba hiyo na kuipita. Hilo lilikuwa kosa, na lilitugharimu baadaye.

15 Machi: Athi kwanza

Waya wa athi (njia ya hasi, kupitia chuma cha gari) wa betri kwenda kwenye bloku ya injini ulionekana mzima kwa nje. Tulipochana mpira wake sentimita tano kutoka kwenye lagi (kichwa kinachobanwa mwishoni mwa waya), shaba ndani ilikuwa ya kijani na ikivunjika kama majani makavu. Hewa ya chumvi huingia kwenye mdomo wa lagi usiozibwa na kupanda taratibu ndani ya waya. Kwa gari la pwani usiamini waya kwa kuutazama. Pima.

Tulifunga nyaya tatu za milimita za mraba 35: betri hadi bloku, bloku hadi chesisi, chesisi hadi bodi. Kila mahali pa kufungia palikwanguliwa hadi chuma cheupe, nati ikakazwa, na baada ya kukaza ndipo mafuta ya mgando yakapakwa juu. Ukipaka mengi kabla ya kukaza kwenye sehemu iliyobaki na rangi, umefungia uchafu ndani. Lagi zilibanwa kwa mashine ya hidroliki ya mkono, kisha zikavalishwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto. Nyundo na patasi hazibani lagi sawasawa. Zinabonyeza upande mmoja na kuacha pengo upande wa pili.

Upotevu wa athi ulishuka kutoka 0.48 hadi 0.06, na betri ikapanda hadi 13.5 bila kuguswa alteneta. Kwa mwenye gari lisilo na inveta wala friji, kazi ingeweza kuishia hapa.

Gharama: Sh 4,100.

22 Machi: Kusuka upya alteneta ya zamani (imeshindikana)

Njia ya bei nafuu ilikuwa kusuka upya koili za nje kwa waya mnene zaidi. Mezani ilitoa ampea 92, na tulifurahi mapema. Kwenye gari yalitokea mawili.

La kwanza: injini ikinguruma tu, ampea zilishuka kutoka 31 hadi 22. Waya mnene unachukua nafasi, kwa hiyo mizunguko ya koili inapungua, na koili yenye mizunguko michache inahitaji kasi kubwa zaidi kabla ya kuanza kuchaji vizuri. Lori linalokwenda barabara kuu mchana kutwa laweza kufaidika. Gari linalotambaa linaumia.

La pili: siku ya tatu taa ya betri ilianza kuwaka hafifu. Mita iliyowekwa kusoma mkondo geu kwenye vichwa vya betri ilisoma 0.9, wakati alteneta nzima husoma chini ya 0.1. Dayodi moja, kati ya zile zinazogeuza umeme wa alteneta kuwa mkondo mnyoofu, ilikuwa imekufa. Dayodi na bati lake la kupoza vilikuwa vile vile vya ampea 70, na hakuna kusuka kunakovibadilisha.

Gharama iliyopotea: Sh 6,500.

5 Aprili: Alteneta mpya na pampu yake

Tulipewa pia alteneta ya ampea 130 ya gari la petroli kwa nusu ya bei. Tuliikataa. Injini ya dizeli kama 5L haina mvuto wa hewa wa kutosha kwenye manifoldi (njia ya hewa ya injini) kuendesha sevo ya breki (inayosaidia mguu kukanyaga), na pampu iliyo mgongoni mwa alteneta ndiyo inayofanya kazi hiyo. Ukifunga alteneta isiyo na pampu, gari litawaka, litachaji vizuri, na kanyagio la breki litakuwa gumu kama jiwe mteremkoni. Yeyote anayeiga mradi huu kwenye injini ya 2L, 3L au 5L aanze na swali hilo kabla ya kuuliza ampea.

Iliyonunuliwa ni ya ampea 120, yenye pampu, kwa Sh 42,000. Ilikuja na puli ya mkanda mmoja. Ampea 120 kwa volti 14.3 ni wati 1,716, na kwa kuwa alteneta hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopokea, mkanda unabeba kama kilowati 3. Mkanda mmoja ungeteleza. Tulihamisha puli ya mikanda miwili kutoka kwenye ya zamani, tukafunga mikanda miwili mipya ya seti moja (Sh 2,600). Usichanganye mpya na mzee: mpya utabeba mzigo wote na kufa peke yake. Rula ndefu iliyolazwa kwenye puli ilionyesha alteneta imekaa nje kwa milimita 3, tukasahihisha kwa wosha upande wa nyuma wa sikio.

Plagi ina nyaya tatu: IG, S na L. Mpangilio wake ulitofautiana na wa zamani, kwa hiyo kila waya ulihakikishwa kwa mita kabla ya kuunganishwa. S ina volti 12 muda wote, IG inapata volti 12 funguo ukiwashwa, na L ukiigusisha athi funguo ukiwa umewashwa, taa ya betri inawaka. Ukibadilisha IG na L, regyuleta (inayodhibiti volti za alteneta) inaweza kufa papo hapo.

Pampu ilimiminiwa vijiko viwili vya oili ya injini kabla ya kuwasha, isizunguke kavu. Geji ya vakyumu ilisoma milimita 650 za zebaki. Kipimo cha mguu: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano hadi iwe ngumu, ishikilie, washa. Kanyagio lazima lizame kidogo. Lilizama.

Siku ya pili tone jeusi la oili lilionekana chini ya kifuniko cha brashi (zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya alteneta). Chanzo kilikuwa mpira wa kurudisha oili kutoka kwenye pampu kwenda kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Tuliukata mrefu kwa sentimita nne, ukapinda chini ya breketi na kubanwa kama shingo ya puto. Oili hiyo hushuka kwa uzito wake pamoja na hewa inayosukumwa na pampu. Ikizuiliwa inatafuta njia kwenye sili, na nyuma ya sili kuna brashi. Mpira ulikatwa upya ushuke wima bila kona, brashi zikasafishwa. Mipira na klipu: Sh 1,400.

12 Aprili: Waya mkuu, fyuzi, na volti 15

Waya wa milimita za mraba 35, mita 2.2, ulikwenda moja kwa moja kutoka B+ hadi betri ya kuwashia (na lagi, Sh 3,800). Fyuzi ya ampea 150 iliwekwa upande wa betri, kwa sababu waya ukijikata na kugusa bodi, ni betri itakayomimina mamia ya ampea. Fyuzi iwe kubwa kuliko alteneta na ndogo kuliko uwezo wa waya, basi. Waya wa zamani wa B+ kwenda kisanduku cha fyuzi tuliuondoa. Kwa ampea 100, upotevu mpya kutoka B+ hadi betri ulikuwa 0.16.

Kisha likaja jambo la ajabu. Mizigo yote ikiwa imezimwa, betri ilisoma 14.3. Tulipowasha taa kubwa na feni za AC, ilipanda hadi 15.05. Mzigo unapoongezeka volti hushuka au husimama. Hapa ilikuwa inapanda. Asidi ilianza kutoa mapovu, na harufu ilisikika bila kuinama.

Wazo la kwanza lilikuwa regyuleta mbovu, na karibu alteneta irudishwe dukani. Lakini regyuleta ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Waya wa S ndio jicho lake: inashikilia volti 14.3 pale S ilipoungwa, popote pale. Kwenye gari hili S imeungwa ndani ya kisanduku cha fyuzi. Zamani umeme ulitoka alteneta ukafika kwanza kwenye kisanduku, mizigo ya gari ikachukua yake hapo, na kilichobaki ndicho kilichopita fyuzi kuu kwenda betri. Sisi tuliupeleka umeme wote betri kwanza. Sasa ampea zote za taa na feni zilirudi nyuma kutoka betri kwenda kisanduku kupitia fyuzi kuu ile ile tuliyoiona ina kasoro tarehe 8 Machi. Zilipoteza volti 0.8 humo. S ikaona pungufu, regyuleta ikasukuma zaidi, betri ikapokea ziada ambayo kisanduku hakikuiona.

Dalili hii ni vyema kuikariri: volti za betri zikipanda unapowasha mizigo, tafuta waya wa S kabla ya kulaumu alteneta.

Dawa ilikuwa mbili, na zote zinahitajika. Fyuzi kuu ilifunguliwa. Lagi yake ilikuwa na unga wa kijani na nusu ya nyuzi zimekatika, ikabadilishwa kwa nyingine ya kiwango kile kile (Sh 1,200). Kisha S ikahamishwa hadi kichwa chanya cha betri kwa waya wake wenyewe na fyuzi ya ampea 7.5 karibu na betri (Sh 350). Kuhamisha S peke yake kungeokoa betri, lakini taa zingebaki na volti 13.5. Baada ya yote mawili, mizigo yote ikiwa imewashwa: betri 14.3, kisanduku 14.2.

26 Aprili: Kishikilia fyuzi kimelainika

Wiki mbili tu. Kishikilia fyuzi cha Sh 900 kilikuwa cha moto kiasi cha kutogusika, na plastiki yake ilipokea alama ya ukucha. Fyuzi yenyewe haikukatika, kwa kuwa fyuzi hukatwa na ampea kupita kiasi, si na joto la jirani yake likiwa bado dogo.

Makosa yalikuwa mawili. Bolti na bati la kishikilia vilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Sumaku ilinasa, na tungeijaribu dukani ingetuambia. La pili lilikuwa la kwetu: wosha iliwekwa kati ya lagi na ulimi wa fyuzi. Mpangilio sahihi ni ulimi wa fyuzi, lagi juu yake shaba kwa shaba, halafu wosha, halafu nati. Umeme upite kwenye nyuso mbili za shaba zilizobanana, na wosha ikae nje ya njia hiyo. Kishikilia kipya chenye bolti imara na kifuniko kiligharimu Sh 3,200. Baada ya nusu saa kwa ampea 90 kina uvuguvugu tu.

10 Mei: Betri ya pili, na mruko wa volti

Friji na inveta zilihamishiwa betri ya pili ya saa-ampea 100 (Sh 21,000), kupitia rilei (swichi ya umeme) ya ampea 140 inayofunga, yaani kuunganisha, volti zikifika 13.3 na kufungua, yaani kukata, zikishuka 12.8 (Sh 5,500). Rilei iliwekwa nyuma, karibu na betri ya pili, ikilishwa na waya wa milimita za mraba 10 wenye urefu wa mita 4.5. Betri ya pili ilipokuwa tupu, rilei iligonga tak-tak-tak bila kukoma. Inafunga, mkondo mkubwa unapita, waya mwembamba unapoteza volti, rilei inaona 12.7, inafungua, volti zinarudi, inafunga tena. Midomo ya rilei ingeungua ndani ya siku chache.

Tuliihamishia ubavuni mwa betri ya kwanza, isome volti za kweli, na waya ukawa wa milimita 25 (Sh 2,800; ule wa kwanza wa Sh 1,100 umepotea). Fyuzi za ampea 100 ziko mbili, moja kila mwisho, maana waya huu una betri pande zote (Sh 2,000).

Sasa kuhusu kulinda vifaa. Kuna desturi ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama alteneta inachaji. Tunaomba iachwe. Betri ndiyo inayomeza mkondo. Ukiikata ghafla alteneta ikiwa inatoa ampea 60, usumaku wa rota (sehemu inayozunguka ndani ya alteneta) hauzimiki papo hapo, na kwa sehemu ndogo ya sekunde volti zinaruka hadi makumi kadhaa. Redio, inveta na regyuleta huondoka hapo. Kwenye mlisho wa redio tumeweka dayodi ya kuzuia mruko, aina ya 5KP24A, baada ya fyuzi ya ampea 10 (Sh 600). Inakaa kimya hadi volti zipite 26 hivi, kisha inamwaga ziada kwenye athi. Ikizidiwa inajifunga yenyewe na kukata fyuzi, redio inapona. Hailindi gari zima. Kinga kubwa ni betri iliyokazwa vizuri, na kibandiko tulichobandika chini ya boneti: usichomoe betri injini ikiwaka, na kabla ya kulehemu bodi chomoa betri zote mbili.

7 Juni: Baada ya kilomita 3,000 na mvua za masika

Injini ikinguruma tu, alteneta mpya inatoa ampea 52 ikiwa baridi, 44 ikiwa moto. Bado haifiki 95, na hakuna alteneta ya umbo hili itakayofika kwa mizunguko 750. Kifaa cha kupandisha mizunguko AC inapowashwa kiliongezwa kutoka 850 hadi 950, ikapatikana ampea 61 ikiwa moto. Inayobaki inatoka betri ya pili na kurudishwa gari likishika mwendo.

Mikanda ilikazwa upya mara mbili: baada ya nusu saa ya kwanza na baada ya kilomita 500. Sasa inabonyea milimita 9 kwa dole gumba. Volti za mkondo geu kwenye betri ni 0.04. Upotevu wa athi umebaki 0.06, wa waya mkuu 0.17. Asubuhi baada ya usiku mzima wa friji, betri ya kuwashia ilisoma 12.6.

Lagi moja, ile ya chesisi hadi bodi, imeanza kijani pembeni. Ndiyo pekee tuliyoivalisha mpira usio na gundi. Itakatwa na kubanwa upya wiki hii.

Jumla hadi leo ni Sh 99,050, na kati ya hizo Sh 8,500 zimekwenda kwenye vitu vilivyotupwa: kusuka, kishikilia fyuzi cha kwanza na waya wa milimita 10. Kilichobaki ni kufungua pampu ya vakyumu gari likifikisha kilomita 10,000 tangu kazi hii, kuangalia sili ya mhimili upande wa brashi.